Usipake Kitu Kwanza: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matibabu ya Nyumbani

Nilifanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati za vijijini mkoani Tanga mpaka nikastaafu. Kustaafu kwenyewe ni kwa karatasi tu. Barazani kwangu hapakosi mama na mtoto mgongoni, na simu hulia hata usiku wa manane. Maswali ni yaleyale, na mengi huanza na "nimpake nini?" au "nimpe dawa gani?" Nimeona bora niyakusanye hapa, kila moja na jibu lake. Utaona majibu mengi yanarudi kwenye maji safi, saa na mikono iliyotulia. Madhara mengi niliyoyaona kazini yaliletwa na vitu tulivyouwekea ugonjwa, wakati ugonjwa wenyewe ungepona bila makuu.

Mtoto kamwagikiwa na chai ya moto. Nimpake nini?

Usimpake kitu. Mpeleke kwenye maji, sasa hivi. Maji ya kawaida, ya bomba au ya ndoo, yatiririke juu ya palipoungua kwa dakika 20. Tazama saa, maana mtoto akiwa analia dakika 20 ni ndefu mno, na wengi huacha baada ya mbili tu wakidhani zimetosha. Kama huna bomba, chota kwa kikombe umwagie polepole huku beseni likiwa chini, kisha chota tena yaleyale maadamu hayajapata joto. Hata kama umechelewa, maji yanasaidia mpaka saa tatu hivi baada ya kuungua. Nyama ya chini ya ngozi huendelea kuiva baada ya chai kufutwa, kama ugali unavyobaki na moto wake ukishaepuliwa.

Wakati maji yanatiririka, mvue nguo zilizolowa, bangili na shanga kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi iache palepale. Sehemu nyingine ya mwili ifunike, mtoto mdogo hupoa upesi. Barafu usiweke, nayo huunguza kwa namna yake.

Orodha ya vitu nilivyowahi kuvikuta juu ya vidonda vya moto ni ndefu: dawa ya meno, unga wa ngano, ute wa yai, majivu, siagi ya mkate, mafuta ya taa, na manyoya ya sungura. Haya ya sungura ndiyo yaliyonichosha kuliko vyote. Watu huyasifu kwamba hayaachi kovu. Mimi nimekaa na kibano nikiyang'oa unywele mmoja mmoja kwenye paja la mtoto wa miaka miwili, naye anapiga kelele mpaka watu wa foleni wanatoka nje. Unga na siagi huzuia joto lisitoke, vyote huingiza vijidudu, na ukifika zahanati lazima visuguliwe vitoke ndipo tuone kidonda kina ukubwa gani.

Malengelenge usiyatumbue, ile ngozi ni bandeji isiyouzwa dukani. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi au ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, iweke juu bila kuizungusha ikabana. Mpe panadoli ya maumivu kwa uzito wake.

Nenda hospitali kama palipoungua panazidi kiganja cha huyo aliyeungua, kama ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, kama ni moto wa umeme au kemikali, au kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haiumi. Kidonda cha moto kisichouma kinatisha kuliko kinachouma, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekwisha kuungua. Mtoto mchanga mpeleke hata kama ni padogo.

Shikamoo mama nesi. Mtoto anaharisha tangu jana, nipatie dawa ya kufunga tumbo.

Marahaba mwanangu. Tumbo la mtoto halifungwi. Kinachoua kwenye kuhara ni maji na chumvi zinazotoka mwilini, na hizo ndizo za kurudisha. Vile vidonge vya kuzuia kuhara si vya watoto. Flajili nayo haina kazi kwenye kuhara kwingi, japo kila duka watakuuzia.

Chukua paketi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Soma imeandikwa ya maji kiasi gani, kwa sababu ziko za lita moja na ziko za nusu lita. Mimina yote kwenye kiasi hicho cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Usigawe paketi, usipunguze maji "ili iwe kali", usiongeze sukari. Kama huna chombo cha kupimia, chupa ya maji ya dukani ya lita moja ni kipimo halali, na chupa tatu za soda za mililita 350 zinakaribia kuwa lita. Ukishachanganya, tumia ndani ya saa 24, kinachobaki mwaga.

Duka limefungwa na paketi hakuna? Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Rudia kwa sauti kabla ya kuchanganya, kwani nimeona mtu akigeuza, chumvi sita na sukari nusu, na hiyo ni sumu kwa mtoto. Onja kwanza. Yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga uanze upya.

Sukari haipo kwa ajili ya utamu. Utumbo unaoharisha hukataa chumvi ikija peke yake, lakini sukari ikija nayo mlango hufunguka, vyote viwili huingia na maji huyafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari wa India aitwaye Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon katikati ya kipindupindu. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaachia ndugu za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kwa hiyo mama anayesema "wamenipa maji tu" hajui alichopewa.

Kiasi chenyewe: aliye chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, aliyezidi hapo mpaka miaka 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kimoja. Kijiko kila dakika moja kinafika tumboni. Kikombe kizima kwa mkupuo kinarudi. Maziwa ya mama yaendelee, chakula kiendelee. Na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Wengi huacha zinki siku ya tatu kuhara kunapokoma. Imalize, inamkinga asiharishe tena miezi inayofuata.

Beba mtoto uende ukiona macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, amelegea au hanywi, damu kwenye choo, anatapika kila kitu, au hakojoi. Choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele kinachotoka mfululizo, awe mtoto au mzee, hakina mjadala: nenda, na ORS umnyweshe njiani.

Mwili umechemka. Nimpe panadoli na dawa ya malaria papo hapo, nimalize kazi?

Panadoli sawa, dawa ya malaria bila kipimo hapana. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu kidoleni na dakika 15 hadi 20 za kusubiri. Homa ina baba wengi: mafua, sikio, mkojo, nimonia, homa ya uti wa mgongo. Ukimpa dawa ya mseto mtoto mwenye nimonia, utakaa siku tatu ukisubiri nafuu isiyokuja. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza tangu 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na bado kila wiki naona watu wananunua dawa kwa kukisia. Kipimo kikionyesha malaria, dawa ya mseto inywewe na chakula chenye mafuta au maziwa, na imalizwe siku zote tatu hata kama siku ya pili mtoto anacheza mpira.

Panadoli ya mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, isirudiwe kabla ya saa nne hadi sita kupita, na isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 150. Soma chupa ina miligramu ngapi kwa kila mililita 5, dawa za maji hazifanani. Kijiko cha jikoni si kipimo, tumia kile kikombe kidogo au bomba la sindano lisilo na sindano. Aspirini usimpe aliye chini ya miaka 16.

Mpunguzie nguo. Mablanketi mawili na kofia ya sufu kwa mtoto mwenye homa, katika joto letu hili la pwani, ni kumpika. Maji ya baridi kali nayo yanamtetemesha na joto hupanda zaidi. Aliye chini ya miezi mitatu mwenye homa haguswi na tiba ya nyumbani, anapelekwa.

Je, ni kweli mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa?

Si kweli, na maneno hayo yamechelewesha watoto wengi. Wazee wetu waliihusisha degedege na ndege na mashetani, wakamfukiza mtoto kwa kinyesi cha tembo, au wakamwogesha mkojo. Ilipotokea mtoto amefika hospitali akiwa taabani, akachomwa sindano na kufariki, lawama ikabaki kwenye sindano. Alikuwa amechelewa.

Degedege ikija, mlaze ubavu mahali pasipo na vitu vigumu, legeza nguo shingoni, tazama saa. Kijiko usimtie mdomoni, hamezi ulimi wake, utamvunja meno tu. Usimnyweshe chochote. Mara nyingi hukoma ndani ya dakika tano. Ikome isikome, anakwenda kupimwa, sababu inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hizo hazitibiki barazani kwangu.

Kikohozi hakiishi. Bibi yake anasema ana kimeo, akakatwe.

Msalimie bibi, umwambie kimeo kila mtu anacho, naye pia. Ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Huvimba kidogo mtu akiwa na mafua kama pua inavyovimba, na hakuna anayekata pua. Kukikata kwa wembe au waya nyumbani kunaleta kutokwa damu nyingi, usaha na pepopunda, na kikohozi kinabaki palepale.

Kikohozi cha mafua huchukua hata wiki mbili kumalizika. Kijiko cha asali kabla ya kulala husaidia kwelikweli, kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Chini ya mwaka asali ni marufuku hata ya kuonjesha, huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia. Maji ya uvuguvugu, supu, kunyonya zaidi, basi.

Kujifukiza? Tangu 2020 nyungu zimerudi kila nyumba. Mtu mzima anayejisikia nafuu simkatazi. Mtoto kumfunika blanketi na sufuria inayochemka nakataa, narudi tena kwenye swali la kwanza.

Kilicho muhimu ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, fungua kifua, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukiona pia nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, usisubiri asubuhi. Na yeyote, mkubwa au mdogo, aliyekohoa wiki mbili akapimwe kifua kikuu, kipimo na dawa ni bure.

Na meno ya plastiki?

Hayapo. Kile cheupe unachoona kwenye fizi ya mtoto anayeharisha ni jino lake la chonge linaloota. Akichokolewa kwa msumari au spoku ya baiskeli anapoteza jino, anapata kidonda mdomoni, anashindwa kunyonya, na kuhara kunaendelea. Nenda kwenye jibu la ORS hapo juu.

Jipu la mapajani limevimba. Nilikamue?

Linakuuma, najua, na mkono unawasha. Usilikamue. Ukibana, usaha huenda pande zote, sehemu nyingine huingia ndani zaidi. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kamua maji, weka juu ya jipu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Joto huleta damu, jipu huiva na kupasuka lenyewe. Likishapasuka osha kwa maji na sabuni, funika, nawa mikono, taulo lako lisitumiwe na mwingine.

Chokea la kope hutibiwa vivyo hivyo, ila kwa kitambaa chenye joto dogo zaidi.

Jipu la usoni, hasa kati ya pua na mdomo, usiliguse kabisa, damu ya hapo ina njia ya kwenda ndani ya kichwa. Majipu yanayorudi kila mwezi yakapimiwe sukari. Na jipu kubwa, lenye homa, au lililokaa wiki bila kuiva, linapasuliwa zahanati kwa kisu safi na ganzi. Kazi hiyo ni ya dakika chache, sioni kwa nini uifanye kwa wembe.

Ameingiza harage puani. Sikioni je?

Puani kuna ufundi mmoja mzuri ambao wazazi huushangaa. Mkalishe mtoto mapajani, mwambie unampa busu kubwa. Ziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, weka mdomo wako juu ya mdomo wake uufunike wote, kisha puliza pumzi moja fupi yenye nguvu. Hewa hupita nyuma na kulisukuma harage mbele. Zaidi ya nusu ya mara hufanikiwa, na mtoto halii. Jaribu mara mbili tatu, likikataa nenda zahanati. Usichokoe kwa njiti, utalisukuma ndani.

Sikioni ni habari tofauti. Harage, mahindi au karanga usiziwekee maji, zitavimba zikwame. Mdudu aliye hai, dondoshea matone ya mafuta ya kula yenye uvuguvugu wa mwili, atakufa na kelele zitaisha, kisha wakamtoe kwa utaratibu. Kama sikio limewahi kutoa usaha usitie chochote.

Betri ndogo ya saa au ya mwanasesere, puani, sikioni au imemezwa, ni dharura ya saa hiyohiyo. Inaunguza nyama ikiwa ndani.

Damu ya pua: nimwinamishe au ainue kichwa?

Aketi, ainame mbele kidogo, na ubane sehemu laini ya pua, ile ya chini ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Apumue kwa mdomo. Akiinua kichwa damu humezwa, halafu anaitapika na nyumba nzima inapiga mayowe. Ikipita nusu saa bila kukoma, au kama ni baada ya kugongwa kichwa, hospitali.

Tunatoaje funza bila kuleta balaa?

Funza si mwenyeji wetu. Aliletwa kwa meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikwisha kuvuka bara zima hadi huku kwetu. Jike huingia chini ya ngozi, kwenye vidole vya miguu na kisigino, akajaa mayai mpaka kufikia ukubwa wa punje ya choroko na zaidi.

Tatizo ninaloliona ni pini moja kwa ukoo mzima. Bibi anakaa kivulini, wajukuu wanapanga foleni, pini inatoka mguu wa huyu inaingia wa yule. Damu inapitishwa, pamoja na virusi vya homa ya ini na UKIMWI. Kila mtu na sindano yake mpya, ikishatumika itupwe chooni. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka ngozi ilainike, futa kwa spiriti, panua taratibu ile tundu yenye kidoa cheusi, umtoe na mfuko wake wote bila kuupasua. Kipande kikibaki kitaoza. Paka iodini, funika. Wenye funza wengi wasichokolewe mmoja mmoja, ni mateso. Ziko dawa za maji za kulowekea na mafuta maalumu ya kupaka yanayowaziba funza pumzi, waulize kituo cha afya. Na chanjo ya pepopunda iwe hai.

Halafu nyumba. Sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku, mbwa na nguruwe wasilale ndani, watoto wavae viatu. Bila hivyo utachokoa mpaka Kiyama.

Macho mekundu yamevamia nyumba nzima.

Januari 2024 yalivamia Dar es Salaam yote, mnakumbuka, na Wizara ya Afya ikalazimika kuwaomba watu waache kujitibu kwa majani ya chai, maziwa ya mama na mkojo. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, huisha wenyewe kwa wiki moja au mbili. Safisha tongotongo kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja jicho moja. Nawa mikono, kila mtu na taulo na mto wake. Matone ya jirani yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho, usiguse. Jicho likiuma sana, likiona ukungu, likishindwa kuvumilia mwanga, au likiwa la mtoto mchanga, linaonwa na mtaalamu.

Nimekanyaga msumari. Spiriti inatosha?

Spiriti hata haihitajiki ndani ya kidonda, inaunguza nyama nzima. Maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika tano au zaidi, kisha funika. Msumari huchimba ndani na kufunga mlango nyuma yake, na mahali kama hapo ndipo pepopunda inapopapenda. Kama hujachanjwa ndani ya miaka mitano, nenda ukachome. Mafuta ya taa, sigara iliyotafunwa na unga wa betri naomba tuviache.

Mbwa kamng'ata, lakini ni padogo tu.

Hili halimo kwenye magonjwa madogo, nimeliweka kwa sababu watu huniletea kama dogo. Osha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, halafu moja kwa moja kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Usimsubiri mbwa afe ndipo uamini. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa.

Mashilingi na mapunye, tupake nini?

Mashilingi ya mwilini: krimu ya klotrimazo mara mbili kwa siku, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kurudi sawa. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, vijidudu vimo ndani ya mzizi wa nywele, vinahitaji vidonge vya wiki kadhaa kutoka kwa mtaalamu. Zile krimu zinazouzwa "za kila kitu" mara nyingi zina steroidi: mwasho unatulia siku mbili, fangasi wanatandaza mkeka. Mashine ya kunyolea ya kinyozi isafishwe, au mtoto wako awe na wembe wake.

Mguu umeteguka, nimchue?

Leo usimchue. Baridi, bandeji isiyobana, mguu uinuliwe juu ya mto, siku mbili. Kuchua siku ya kwanza huongeza kuvuja damu ndani. Kama hawezi kukanyaga hata hatua nne, kapigwe picha.

Nina rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, zilizobaki mwaka jana. Nizimwagie kwenye kidonda?

Hapana, wala usizimeze kwa mafua. Kwanza, kwa nini zilibaki? Dozi ilipaswa kuisha. Unga wa kapsuli juu ya kidonda hukauka ukawa gamba, chini yake usaha unajijengea. Zirudishe duka la dawa, wakuteketezee.

Niweke nini nyumbani?

Mimi natumia ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, bati la biskuti hushika kutu huku pwani. Ndani: panadoli ya wakubwa na ya watoto, paketi nne za ORS, zinki, kipimajoto, mkasi, kibano, bandeji mbili, shashi, plasta, iodini, glovu, kipande cha sabuni, tochi, na karatasi yenye namba ya bodaboda anayekubali kutoka usiku. Hiyo namba imenisaidia kuliko dawa zote. Iwe juu ya kabati, watoto wasifikie.

Mama nesi, wewe mwenyewe ukiungua unafanya hayo yote?

Mwezi uliopita nilirukiwa na mafuta ya maandazi kwenye mkono wa kulia. Nakwambia ukweli, mkono wa kushoto ulikwisha kufika kwenye kopo la unga kabla akili haijarudi. Ndivyo alivyokuwa akifanya mama yangu. Nikauacha, nikaenda pipani, mjukuu wangu akanimwagia kwa kikombe huku akihesabu dakika kwa simu yake. Akanikatalia kutoka kabla ya 20. Lengelenge lilikuwa dogo kama ukucha, na leo hata alama siioni. Maandazi ya karai lile waliyala kuku.